Lami Iliyoota Mtini

Huku Columbus, Ohio, natunza bustani za watu. Mteja wangu mmoja, mzee mstaafu, ana mepo wa Norwei mbele ya nyumba (mepo ndio mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada). Agosti akawapigia simu mafundi waliomwekea lami mpya kwenye njia ya gari: mmeurushia mti wangu lami, njooni muuoshe.

Na wakaja! Nilimkuta kijana wa watu juu ya ngazi, kitambaa kimelowa mafuta ya taa, anasugua jani mojamoja. Jani linachanika, doa liko palepale.

Nikachuma moja nikawaonyesha. Doa jeusi, linang'aa, upana sentimita moja hadi mbili, uso umejikunyata. Pitisha kucha, halibanduki, maana limo ndani ya jani. Lami ya kuruka ingekaa juujuu, tena isingechagua: ingepiga nyasi, ingepiga na sanduku la barua. Hii ni kuvu, Rhytisma acerinum. Huanza na doa la manjano mnamo Juni, Agosti likawa jeusi. Mti haufi, unachukiza macho tu. Kupuliza dawa wakati huo ni kumpa muuza dawa sadaka, kwani jani liliambukizwa tangu likichanua mwezi Mei. Tiba yake ni reki: majani yakidondoka yazoe yote, yatoke uani, la sivyo kuvu italala humohumo baridi nzima na kurusha mbegu zake majani mapya yakitoka.

"Na ya jirani je?" mzee akauliza.

Nikasema ukweli: mbegu hupeperushwa na upepo, za jirani zitakufikia tu.

Novemba simu ikaniamsha alfajiri. Jirani kaona mtu uani kwake na tochi, kaita polisi. Nikamkuta mzee kati ya mifuko ya majani, nguo za kulalia kazichomekea kwenye buti, anamsomesha askari habari za kuvu. Askari hajui aandike kosa gani. Mali iliyoibwa ni takataka. Mzee akamulika jani: "Piga kucha hapo!" Askari akapiga, akaligeuza, akapiga tena. Kisha akanivuta pembeni, sauti chini: mti wa kwake nyumbani majani yamepakaa unga mweupe, je, huo nao?

"Ukungu wa unga. Pogoa matawi yaliyosongamana, hewa ipite."

Akaandika kwenye daftari, ukurasa uleule wa kesi ya mzee.