Iringa na kisa cha mwaka 1863

Ukishuka basi stendi ya Igumbilo, mji huuoni. Uko juu mlimani, na bajaji inakukokota mpaka kwenye kibaridi ambacho mtu wa Dar es Salaam kama mimi hukikumbuka wakati koti limeshabaki nyumbani. Nilikaa siku tatu mwezi Machi, mvua bado zipo. Asubuhi zote tatu niliishia mahali pamoja: mitaa inayozunguka Soko Kuu na Uhindini, kwenye nyumba za chini zenye mabati yaliyoshika kutu na baraza ndefu mbele, nguzo kwa nguzo.

Kuna wanaosema nyumba hizi zivunjwe, yapande maghorofa. Kuna wanaosema zibaki, na hawa ndio wenye jina baya: wapenda ukoloni, watu wa kamera, wageni wasiolala humo paa likivuja. Baadhi yao wamejitakia. Wengi wanasingiziwa.

Nianze na mwenye nyumba, maana ndiye anayeguswa mfukoni. Mzee mmoja, baada ya “kamwene”, salamu ya Kihehe, na kahawa, alinipandisha kwenye stuli nione dari ya duka lake. Boriti imeliwa na mchwa. Ukiibonyeza kwa kidole, unatoka unga. “Mwanangu, wewe unaona historia,” akaniambia. “Mimi naona fremu nne.” Jirani yake amepandisha ghorofa na sasa ana fremu kumi na mbili, chini na juu. Mtu kama huyu huwezi kumjibu kwa picha nzuri ya machweo. Kiwanja kiko katikati ya mji, kodi ya jengo inamsubiri, watoto wa marehemu kaka yake wanadai mgao, na fundi wa kupaua kwa mtindo ule wa zamani hapatikani kwa bei ya kawaida.

Hoja ya ukoloni ni nyepesi zaidi. Ni kweli Wajerumani walijenga mji huu kumshinda Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na hata jina walilitoa kwa Wahehe, kwenye neno lilinga, yaani ngome. Lakini Boma lao, lililoanza kama hospitali ya jeshi na baadaye likawa ofisi ya mkuu wa wilaya, ni makumbusho tangu 2016, na wanafunzi wanaingia humo kusoma habari za Mkwawa huyohuyo. Hapo karibu na soko, mbele ya polisi, umesimama mnara wa waliokufa katika Maji Maji. Kubomoa duka la vitenge hakumlipizi Mkwawa kisasi.

Kuchakaa nako kuna historia yake. Mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya Sh100,000, na katika miji yetu mingi waliopoteza zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Majumba yakaenda kwa Msajili wa Majumba, kisha mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za namna hiyo mpangaji hazitengenezi kwa sababu si zake, na kodi ndogo haimtoshi mwenye nyumba kuzitengeneza. Mchwa hangoji wakubaliane.

Sasa baraza. Siku ya pili mvua ilinikuta mtaani, ile mvua ya nyanda za juu inayokuja bila salamu. Nikaruka barazani. Palikuwa na mafundi cherehani watatu, pasi ya mkaa, na waya uliofungwa nguzo hadi nguzo ukiwa umetundikwa sare za shule. Mmoja alisogeza kiti chake kwa mguu bila kuacha kukanyaga cherehani. Hakuna aliyeniuliza nanunua nini. Mama mmoja alitoka dukani na kitenge cha doti moja, akageuka hatua mbili, akapimwa kiuno palepale. Duka linauza kwa sababu fundi yuko mlangoni. Fundi anapata kazi kwa sababu duka liko mgongoni kwake. Nilitembea mkavu kupita maduka kumi na moja, nikihesabu, mpaka nilipofika kwenye ghorofa jipya. Pale baraza imekatika. Kuna ngazi za vigae zinazoteleza, kioo, geti la kukunja na mlinzi aliyenitazama viatu. Nikalowa.

Zile fremu kumi na mbili za jirani hazikuhesabu cherehani tatu. Hesabu ya maendeleo ya mji wetu huwa hivyo, inaanza na milango yenye kufuli.

Lakini nani azilinde? Hapa ndipo nimekwama kwa wiki nzima tangu nirudi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye linangoja Waziri alitangaze. Basi ipime Iringa kwa rula hiyo. Mwaka 1863 Mkwawa alikuwa bado mtoto. Mji huu wa mlimani ulizaliwa miaka ya 1890, baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuangushwa Oktoba 1894. Hata ukuta wenyewe wa Kalenga, alioujenga Mkwawa miaka ya 1880, umezaliwa umechelewa. Kinachofaulu bila msaada wa Waziri ni zana za mawe za eneo la kale la Isimila. Rula hiyo inamtosha mtu wa Kilwa mwenye magofu ya karne nyingi. Huku nyanda za juu inauacha mji mzima nje.

Cha kuchekesha, sheria hiyohiyo inalinda mlango wa nakshi wa Kiafrika au wa Mashariki uliochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo mtaani Uhindini mlango unaweza kuwa na haki, na ukuta unaoushika usiwe nayo. Unaweza kuuvunja ukuta na kuukabidhi mlango.

Ndiyo maana sioni busara kumngoja Waziri kwa kila nyumba, wala kudai kila tofali libaki. Nyumba chache zilizo imara zitangazwe. Zilizooza zivunjwe, ila manispaa isitoe kibali cha ghorofa lisilo na baraza kwenye mstari uleule, kwa upana uleule, yenye paa. Huo ni uamuzi wa ramani na kibali, na halmashauri inatoa vibali kila siku.

Siku ya kuondoka nilimpelekea yule mzee wazo hilo. Hakubisha. Alisimama, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa duka, akapiga hatua kuelekea barabarani: moja, mbili, tatu. Akageuka kutazama alikotoka, akahesabu kwa vidole.

“Hapo napoteza fremu moja na nusu,” akasema. “Waniongezee ghorofa moja juu, nitawaachia mafundi wao.”