Cheti kiko ukutani, kidole kiko kwenye kachumbari

Kwenye vibanda vya samaki hapa Kisumu, mara nyingi utakuta cheti cha afya cha mpishi kimebandikwa ukutani, karibu na bei za ngege na mbuta. Kila anayeshika chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa kila miezi 6. Wenye vibanda wanalalamika kwamba huko ni kukamuliwa tu. Je, cheti hicho kinamlinda mlaji?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Mtu anaweza kupona taifodi, bakteria wakabaki kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka, haumwi popote na choo chake kinao. Mary Mallon, mpishi wa New York, aligunduliwa hivyo mwaka 1907: mwenyewe mzima, lakini nyumba alizopikia watu waliugua. Bila kupimwa, mtu kama huyo atajijuaje?

Ila bakteria hao hawatoki kila siku. Sampuli ya leo inaweza kuwa safi na ya wiki ijayo isiwe. Tena kupima choo hakumgusi bakteria mwingine, stafilokokasi, anayeishi puani mwa watu karibu 3 kati ya 10 na hustawi kwenye vidonda. Akiingia kwenye chakula kikakaa vuguvugu kwa saa kadhaa, hutoa sumu ambayo hata ukikipasha moto tena haiondoki.

Juzi nilimtazama dada mmoja akikata kachumbari, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa kilicholowa. Samaki wake hawakunitia wasiwasi, maana walikuwa kwenye mafuta yanayochemka. Kachumbari haipiti motoni. Nikamuuliza, "Dada, kidole vipi?" Akasema alichomwa na mwiba wa samaki, na asipokuja kazini halipwi. Cheti chake kilikuwa hakijaisha muda.

Sitaki cheti kiondolewe. Wabebaji wa taifodi wapo. Lakini tumekiachia kazi ambayo hakiiwezi. Mtungi wenye bomba na sabuni ulikuwa mlangoni, kwa ajili yetu wateja. Yeye aliyekuwa akishika chakula cha watu wote alinawa kwenye beseni lile lile la kuoshea visu, maji yameshakuwa ya kijivu. Bwana afya akija kukagua, naomba aanzie jikoni kwenye beseni hilo, kisha amuulize mwenye kibanda mfanyakazi aliyeumia kidole analipwa nini akibaki nyumbani.