Gari halikuja tupu

Wachangiaji wengi hapa mmewashukia zimamoto eti wamekuja bila maji kwenye huo moto wa maduka. Jamani, hiyo ndiyo kazi yangu. Gari linatoka kituoni limejaa. Ila tangi la lita 5,000, ukifungua mipira miwili kwa nguvu, linakauka ndani ya dakika chache, lazima likajazwe. Likajazwe wapi? Haidranti, yale mabomba ya mtaani ya kujazia gari maji, nyingine zimefukiwa na ujenzi, nyingine mtu kaweka meza ya chipsi juu yake. Mkiona gari linageuka, mnaokota mawe!

Kuchelewa, sikatai, kupo. Lakini kuna vichochoro Manzese na Tandale, Dar es Salaam, ambavyo hata bajaji inapita kwa shida, sembuse lori la maji. Na kuna watu hawapigi 114, namba ya dharura ya zimamoto, mpaka wamalize kurekodi video. Wengine ndio kabisa, wanapiga kututania, wanacheka na kukata, huku laini imeshikwa.

Moshi tumeuzoea. Kinachouma ni kurudi nyumbani alfajiri, mwanao anakuonyesha kwenye simu unavyozomewa, anauliza, "Baba, kwani kweli mlisahau maji?"