Nani Anashika Ufunguo wa Grupu?

Mwezi wa pili, zabibu zikikaribia kuvunwa, mama mmoja jirani yangu hapa Mpunguzi, Dodoma, alikuta unga mweupe kwenye majani na vichala. Akapiga picha aitume kwenye grupu la WhatsApp la wakulima. Ikagoma. Grupu lilikuwa limefungwa, wanaoandika ni maadmini tu. Akamfuata admini inboksi. Kumbe yuko safarini, akajibu siku ya tatu. Kwa ubwiri unga, ugonjwa huo wa ukungu mweupe, siku tatu ni nyingi mno.

Nilimkasirikia admini yule, ingawa sababu yake naijua. Wiki moja nyuma ulipita ujumbe wenye mishale miwili, ile alama ya kitu kilichosambazwa mno, ukitangaza mnunuzi wa bei nzuri, mradi utangulize ada ya usajili kwa simu. Wenzetu wawili walituma hela. Grupu lina watu zaidi ya mia tatu, na yeye ana shamba lake la kupalilia. Atalinda saa ngapi?

WhatsApp wenyewe waliiona hatari hiyo. Tangu Januari 2019 ujumbe hausambazwi kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ule uliokwishazunguka sana unakwenda kwa mmoja mmoja. Breki hizo nazikubali, kwa sababu hazimzibi mtu mdomo, zinapunguza kasi ya uongo.

Kufuli la kusoma ndilo linaloniuma zaidi. Julai 2023, Twitter ikiwa haijaitwa X, mmiliki wake Elon Musk aliweka kikomo: akaunti isiyolipiwa isome machapisho 600 kwa siku, baadaye 1,000. Asiye na akaunti alikwisha kufungiwa nje. Musk alisema kampuni zinakomba data kupita kiasi, na kweli mwenye mitambo ana haki ya kuilinda. Lakini taasisi zetu za umma zimehamishia matangazo kwenye mitandao hiyo. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Ukiukosea umekosea mwaka. Mtu anatumiwa kiungo cha Instagram chenye utabiri, hana akaunti, anaona picha chache kisha anaambiwa ajisajili. Mamlaka ya Hali ya Hewa wana tovuti iliyo wazi. Kiungo cha huko ndicho kingepaswa kuzunguka kwenye magrupu yetu.

Kwa hiyo mimi nasema kuandika kuwekewe utaratibu, kusoma kuachwe wazi, na anayefungiwa awe na mtu wa kumuuliza siku hiyohiyo. Kwetu sasa maadmini ni watatu, mmoja ni afisa ugani, na grupu hufungwa saa tatu usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Siku lilipofunguliwa, picha ya kwanza ilikuwa ya yule mama: majani yaleyale, na swali kama dawa ya salfa bado inaweza kuokoa mistari iliyobaki.