Mabati ya mheshimiwa

Picha huwa ni ileile. Mheshimiwa mbunge kashika ncha moja ya bati, diwani kashika ya pili, kwaya ya akina mama iko nyuma, na nyuma ya kwaya kuna boma la zahanati ambalo halijafika hata lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha. Magrupu ya kata kuanzia Makete hadi Ileje yanajaa "Mungu akutunze mheshimiwa". Hakuna anayeuliza hayo mabati yatapigiliwa juu ya nini.

Boma lisilo na lenta halipauliwi. Lenta inataka nondo, ringi, kokoto, mbao za kumwagia zege na fundi anayelipwa, vitu ambavyo havinogi kupigwa picha. Basi mabati yanalazwa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Saruji iliyokuja nayo inapangwa sakafuni bila hata ubao chini yake, na kwa ukungu wa huku kwetu mifuko ya chini inaanza kushika maji kabla fundi hajapatikana. Mvua za Novemba zikianza, tofali zilizojengwa kwa udongo zinalegea kozi za juu. Kiangazi kinachofuata kazi ya kwanza ni kubomoa. Halafu angalia bati lenyewe: geji 30, jembamba, kwa sababu hela ileile ukinunua geji 28 iliyo nene zaidi idadi inapungua na picha haijai.

Na hayo mabati "ya mheshimiwa" ni ya nani? Mara nyingi yametoka Mfuko wa Jimbo. Mfuko huo upo kwa sheria ya mwaka 2009. Robo inagawanywa sawa kwa majimbo yote, na inayobaki inafuata idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati, afisa mipango wa halmashauri ni katibu. Ni kodi yako inakurudia ikiwa imevaa kofia ya mtu. Pokea, lakini kupiga magoti kwa nini?

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande: mbunge asiyetoa rambirambi, asiyechangia harusi na asiyeonekana kwenye harambee ya kanisa, kura za maoni ndani ya chama zinamsubiri. Wajumbe si watu wazuri, tulishaambiana. Lakini mchezo huo tumeutengeneza wenyewe, kisha tunashangaa zahanati haina mganga.

Kazi inayojenga au kuua jimbo la vijijini inafanyika kwenye vikao ambavyo havina kwaya. Mwongozo wa bajeti hutoka karibu na mwisho wa mwaka, ukiwa na ukomo wa kila halmashauri, yaani mwisho wa fedha inayoruhusiwa kupanga. Kijiji kinatakiwa kiwe kimeshapitisha vipaumbele kwenye mkutano mkuu, muhtasari ukasainiwa, ukapelekwa kamati ya maendeleo ya kata, kisha wilayani. Hapo wataalamu wanachambua, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inakaa, na baraza la madiwani linapitisha kabla makabrasha hayajapanda mkoani na Tamisemi, wenye serikali za mitaa. Mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza hilo. Ana kiti pale na ana kura. Mradi wa kijiji chako usipoingizwa PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti, ukapata kasma yake, yaani fungu lake la fedha, mwezi Aprili utakapomsikia akiunguruma Dodoma anaungurumia kitu ambacho hakimo kwenye kitabu.

Ndipo inapokuja ile sinema ya shilingi. Mheshimiwa anasimama, anatishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kukwamisha bajeti ya wizara mpaka ajibiwe, kijijini watu wanapiga vigelegele mbele ya redio. Waziri anajibu kwamba upembuzi yakinifu unaendelea na barabara itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Mheshimiwa anarudisha shilingi. Bajeti inapita kama ilivyokuja, kwa sababu ukomo uligawanywa miezi kadhaa nyuma, wakati yeye yuko kwenye harambee.

Barabara ndiyo usiseme. Kwanza ujue ni ya nani. Ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hutaisukuma kwa waziri wa ujenzi, maana TARURA iko chini ya Tamisemi, na ukitaka ipandishwe hadhi iende TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, unaanzia Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambako wabunge wanaalikwa na wengine hawafiki. Baada ya hapo kuna upembuzi, usanifu wa kina, fidia, zabuni. Miaka mitano inaisha mkandarasi hajashusha hata greda. Lusitu–Mawengi kule Ludewa, kilomita 50 za zege kwenye miteremko ile, imepita mikononi mwa wabunge zaidi ya mmoja. Wa kwanza hana cha kuonyesha ila barua. Lakini bila barua hizo, wa mwisho asingekata utepe.

Ndiyo maana jimbo la Isimani, Iringa, linanifikirisha. William Lukuvi aliingia bungeni 1995 na wakawa wanamrudisha uchaguzi baada ya uchaguzi. Mpende usimpende, mtu wa namna hiyo anajua faili limekwama meza ya nani. Majimbo mengine tunabadilisha mbunge kila awamu, na kila mpya anaanza kwa kuuliza afisa mipango anakaa chumba kipi.

Mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu nayo inapita kwenye baraza lilelile. Sijawahi kuona bango la mbunge aliyehoji marejesho ya mikopo hiyo.

Kwa hiyo akija kwenye mkutano wa hadhara, acheni kumuomba jezi. Mwambieni asome mahudhurio yake ya baraza kwa mwaka uliopita, robo kwa robo. Atasema vikao vya baraza viligongana na Bunge la bajeti, na kwa robo moja atakuwa anasema kweli. Muulizeni hizo tatu nyingine.