Msiiue kompyuta ya shangazi

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu, sauti imemlegea. Kompyuta ya steshenari yake "imekataa intaneti kabisa". Nilipofika nikakuta modemu inawaka, bando lipo, lakini kila tovuti inatoa onyo kwamba si salama. Kwenye benchi kulikuwa na wateja watatu wanasubiri kujaza fomu, mmoja amekumbatia bahasha ya vyeti ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Nikatazama kona ya chini ya skrini: 1 Januari 2009.

Beteri ya saa ilikuwa imekufa, ile bapa kama sarafu, CR2032. Umeme ulikatika usiku, tarehe ikarudi nyuma miaka yote hiyo. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha, kwa hiyo mashine ikaviona vyeti vyote kama havijaanza kutumika. Nikarekebisha tarehe kwa mkono, foleni ikasogea. Kesho yake nikaweka beteri mpya, na bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Kabla ya hapo fundi mmoja alishamwambia, "Mama, hii imezeeka, nunua nyingine."

Kauli hiyo inaniuma. Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 755 ya mtumba kutoka Kariakoo, prosesa Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 2. Kuchapa barua inachapa, vyeti inaskani. Inapokwama ni kwenye intaneti, na ukiiangalia kwa makini utaona kwa nini: kurasa tatu zikifunguliwa, RAM inajaa, kompyuta inaanza kuhifadhi ziada kwenye diski, na taa ndogo ya diski pale mbele inawaka moja kwa moja bila kupepesa. Hapo hata kishale hakisogei. Mashine ni ileile ya miaka yote. Mzigo ndio umeongezeka.

Dawa ni programu nyepesi, lakini wengi wakisikia hivyo wanaelewa programu ya zamani. Naomba tutenganishe. Kompyuta nyingi za steshenari bado ziko kwenye Windows 7, na kivinjari cha Chrome cha mwisho kilichokubali Windows 7 ni toleo la 109, la Januari 2023. Kwenye kibodi hizohizo watu wanaandika namba zao za NIDA na nywila za barua pepe. Kivinjari ambacho hakizibwi tena matundu ya usalama ni hatari kwa mteja, hata kama kinafunguka haraka. Tunachotaka ni programu nyepesi inayoendelea kutunzwa.

Kwa shangazi niliweka antiX, mfumo wa Linux, unaochukua nafasi ya Windows, wenye asili ya Ugiriki na uliojengwa juu ya mfumo mwingine wa Linux, Debian. Ukiwaka tu unakula RAM kidogo mno, na zaidi ya GB moja na nusu inabaki kwa kazi. Nikaweka kivinjari cha Firefox pamoja na kizuia matangazo, uBlock Origin, kwa sababu matangazo ndiyo mzigo mkubwa na yanamaliza bando. Nikawasha pia zram, inayobana vilivyomo kwenye RAM ili diski isisumbuliwe mapema. Kwa kusoma tu kuna Dillo, kivinjari kidogo cha tangu 1999 ambacho hakitumii kabisa JavaScript, yaani msimbo unaoendesha vitu ndani ya ukurasa. Wikipedia ya Kiswahili inafunguka humo kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Fomu za kuingia kwa nywila, hapana, hizo nyingi zinaishinda.

Haikuwa mteremko. Skana ilinitesa siku mbili. Na CV zilizoandikwa kwa Word zikifunguliwa na LibreOffice, programu tunayoandikia sasa badala ya Word, wakati mwingine mistari inahama, na shangazi akanikalisha chini: "Mwanangu, mteja akiona jina lake limeshuka ukurasa wa pili, mimi ndiye nitakayejibu." Ana haki. Sasa tunaweka fonti zinazolingana, na kila CV inakaguliwa kabla ya kuchapwa.

Lakini nitahangaika na mashine hadi lini kama fomu zenyewe zinazidi kunenepa? Ile waliyokuja kujaza wale watatu wa kwenye benchi ina visanduku sita vya kujaza, lakini kabla hujaandika jina lako inashusha picha zinazopishana na JavaScript ya kuzipitisha. Tuliokuwa na simu za vitufe tunaikumbuka Opera Mini: ukurasa ulipita kwanza kwenye seva zao, ukabanwa, ukakufikia mdogo. Tulisoma habari za dunia nzima kwenye skrini ya upana wa vidole viwili.

Ninyi mnaotengeneza fomu za ajira na mikopo, kabla hamjazitoa, zijaribuni kwenye kompyuta yenye GB 2 na modemu, saa nne asubuhi, watu wakiwa wamepanga foleni. Ya shangazi ipo, na saa yake sasa inasema kweli.