Programu isinisemee ninavyojisikia

Kinachonikera kwenye hizi programu za kukuchagulia sauti na mandhari ya skrini kulingana na hisia zako ni ujuaji wake. Unaifungua ikupe sauti ya mvua ufanye kazi, inakuwekea kwanza vikatuni vya sura: kinachocheka, kinacholia, kilichonuna. Chagua! Mimi nimechoka, nina wasiwasi kidogo, na papo hapo nina furaha kwa sababu kazi inakaribia kwisha. Kikatuni cha hivyo hakipo. Nikibonyeza cha huzuni, skrini inageuka buluu, kinanda kinaanza kulia polepole, na kesho yake naletewa kinanda kilekile kabla sijagusa chochote. Imeshaniandika kuwa mtu wa huzuni.

Mbaya zaidi ni zile zinazoomba kamera zisome uso. Mtu anayesoma maandishi madogo hukunja uso, na hana hasira na yeyote. Mwaka 2019 mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi wakaonyesha kwamba sura pekee haitoshi kujua mtu anahisi nini. Umoja wa Ulaya nao, tangu Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya kukisia hisia kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za afya au usalama.

Nipeni orodha ya sauti nichague mwenyewe. Nipeni na kitufe cha kufuta kila mlichoandika kuhusu hisia zangu, tena kiwe ukurasa wa kwanza, kisifichwe ndani kabisa ya mipangilio.